Sega la Asali kwa Neno Moja

Mwalimu wetu wa Kiingereza aligawa maneno ya kuunganisha sentensi kama mtu anayegawa majembe: kila mmoja na lake, ukilipoteza shauri yako. Tulikuwa darasa la saba, upande wa Mtinko, mwaka ule tuliohamishiwa kijiji cha ujamaa. Ijumaa angekuja ofisa elimu kutoka wilayani, naye alitaka kuwasikia watoto wa kijiji kipya wakiunganisha mawazo kwa Kiingereza. Kila mtoto angesimama na sentensi moja juu ya maisha yetu mapya, yenye neno alilopewa. Wazee nao wangealikwa, wakae nyuma, wasikilize wasichokielewa.

Mimi nikapewa "because".

Ningepewa "but" ningejua la kufanya. Nilikuwa nauza mayai mnadani na mama, na mnada wote ni "lakini". Hata "although" ningeliweza: ingawa kuku ni mdogo, anataga. Ila "because" lilidai sababu, na nyumbani kwetu mwaka ule sababu zilikuwa hazisemwi. Baba alikuwa anarudi mahameni, kule tembe letu lilikobomolewa. Aliacha mizinga yake ya nyuki juu ya miti, na mara kwa mara alitoka alfajiri, shoka begani, ati anatafuta fito za kujengea. Kurudi huko kulikatazwa. Jirani mmoja alikamatwa, akawekwa ndani, mkewe akabaki na banda lisiloezekwa. Sasa tunakipenda kijiji kipya kwa sababu gani? Kisima kilikuwa hakijachimbwa. Nilizipitia sababu zangu zote, nikazipitia tena, na kila moja ilinipeleka kwa baba.

Kwanza nilijaribu kwa mwalimu. Nikamwomba anibadilishie, hata kwa maneno mawili magumu zaidi. Akasema hapa si mnadani.

Nikamgeukia mwenzangu wa dawati. Yeye alikuwa na "and", neno ambalo mtu hawezi kukamatwa nalo, na alijua thamani yake. Alikataa karanga, akakataa ubuyu, akakataa hata nimchukulie zamu yake ya kuchota maji. Alitaka kitu kitamu. Nami, kwa hofu ya Ijumaa, nikamletea kipande cha sega la asali ndani ya gamba la kibuyu. Tukabadilishana. Jioni nilirudi nyumbani nikijiona mjanja, mpaka nilipopita kwao nikamwona baba yake mlangoni, analamba kidole.

Baba yake ndiye aliyekuwa balozi wetu wa nyumba kumi. Ilikuwa kazi yake kujua nani yupo na nani amerudi mahameni. Na sega lile lilikuwa jeupe, la juzi. Kijiji chetu kilikuwa uwanja uliofyekwa. Nyuki akipita hapo anaendelea na safari.

Sikumwambia baba. Siku zile nilikula kidogo na kusikiliza sana. Kila aliyepiga hodi kwetu nilimdhania mgambo, hata wale waliokuja kuomba moto.

Ijumaa ikafika. Balozi alikaa benchi la nyuma, kofia magotini. Mwenzangu akasimama na "because" yangu, akatunisha kifua: "I like this school because my friend gives me honey."

Ofisa akacheka, akawatafsiria wazee: anaipenda shule hii kwa sababu rafiki yake humpa asali. Kisha akauliza asali inatoka wapi mahali penye vumbi namna hii. Hakumwuliza mtu fulani, lakini darasa zima lilinigeukia mimi.

"Ya zamani hiyo, ndugu ofisa," balozi akasema kutoka nyuma. "Watu walihama na vibuyu vyao."

Ikafuata zamu yangu. Nikasema tuna shule "and" zahanati. Zahanati yenyewe ilikuwa vigingi na kamba. Ofisa akasema vizuri sana.

Tulipotoka, balozi alikuwa ananisubiri penye rimu ya gari iliyokuwa kengele yetu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Baba yako mzima?"

"Mzima."

"Bado anatafuta fito?"

Nikasema bado. Balozi akatazama kwingine, kana kwamba anaongea na mtu mwingine. "Mwambie akifika kwenye fito zake, avuke korongo apite na kwangu. Nina mizinga kule, sijaiona tangu tuhame." Akavaa kofia. "Na moshi apunguze. Asali yenu inanuka moshi."

Nilimkuta baba ananoa shoka. Ili kumfikishia maneno ya balozi ilibidi nimweleze na biashara niliyoifanya, na nilisimama mbali kidogo na mkono wake. Hakunigusa. Akataka niyarudie maneno yale kama yalivyosemwa. Nikarudia. Akataka tena.

"Hakuweka 'lakini' popote?"

"Hakuweka."

"Wala 'la sivyo'?"

Nikafikiri. "Aliweka 'na' tu."

Baba akalipitisha shoka juu ya jiwe, taratibu. "Ndilo linalonitisha," akasema. "Leo ni 'na' mizinga yake. Kesho itakuwa 'na' nini?"

Alfajiri alitoka mapema kuliko siku zote, akiwa na vibuyu viwili, kimoja chetu na kimoja cha balozi. Mama na mimi tulikaa mlangoni, kila mmoja akijifanya anachambua mtama, mpaka tulipomwona anarudi.