Leonardi wa Mama Shami

Saa mbili asubuhi, Dative Nshombo anakunja mashuka katika chumba cha kufulia cha hoteli moja mjini Louisville, Marekani. Yote ni meupe. Ukimwuliza anajuaje la kitanda kikubwa na la kidogo, anakugeuzia pindo: lenye uzi wa bluu ni kubwa, lenye uzi wa kijani ni dogo.

"Usiangalie weupe," anasema. "Geuza kwanza."

Mama huyu wa miaka hamsini na minane, mzaliwa wa Walungu, mashariki mwa Kongo, hukunja mashuka mia tatu kwa zamu, tena amesimama. Mumewe, Leonardi, alifariki miaka miwili iliyopita.

Basi mwezi wa tatu ikamfikia barua ya kliniki ya macho mjini Buffalo. Ilimshukuru Leonardi Nshombo kwa kwenda kupimwa, ikamkumbusha asiache dawa.

Dative alikaa chini na koti lake mwilini. Akampigia bintiye Grâce, anayesoma chuo kikuu Columbus. Grâce akasema hapo kuna mtu ameiba jina la baba. Jioni ileile akatuma fomu ya kushtaki. Mama atie sahihi tu, jina lifungwe, mwizi asilitumie tena popote.

Fomu ilikaa mezani siku nne. Hata tarehe ya kuzaliwa kwenye barua ilikuwa ya marehemu, tarehe moja Januari 1964. Lakini Dative anaijua tarehe hiyo. Katika kambi ya wakimbizi, asiyejua siku yake aliandikiwa hiyo, na nusu ya kanisa lake la Louisville hukata keki siku moja.

"Bon, nikajiuliza," anasimulia. "Mwizi gani anaiba jina ya mufu, halafu anaenda kupimisha nayo macho?"

Grâce alimsihi asichelewe. Mama akajibu kwamba kwanza anageuza pindo.

Akawaomba wenzake wa kanisani waulize ndugu zao wa East Side, kule Buffalo. Jumapili simu ikalia. Mwanamume akasema Leonardi Nshombo ni yeye. Dative hakumwuliza habari za kitambulisho. Aliuliza lile ambalo kwao huulizwa pale wajukuu wawili wanapopewa jina la babu mmoja.

"Mama yako nani?"

"Shami."

Mumewe alikuwa wa Mama Nabintu. Huyu wa Mama Shami ni binamu yake, waliyepotezana naye njiani wakati wa vita, na marehemu alimtafuta hadi anaingia hospitali. Kliniki ilitafuta kwa jina na tarehe, ikaokota anwani ya mwenzake.

Akampa habari ya msiba, wakalia wote wawili. Kisha akamwambia na habari ya fomu. Jina lingefungwa, na dawa ya macho ingefungwa, na jicho la kushoto la binamu huyo limekwisha kupotea.

"Shemeji," akasema yule mzee, "weye ungeniua na kalamu."

Fomu aliichana Grâce mwenyewe. Chuo kikifungwa, Dative atapanda basi hadi Columbus, na kutoka hapo Grâce atamwendesha hadi Buffalo.

Ameshafunga mzigo. Ndani mna koti zito la marehemu, ambalo watu walimshauri mara nyingi aligawe. Kwenye kola kuna jina Leonardi Nshombo, aliloliandika Dative mwenyewe kwa kalamu ya kazini, ambayo wino wake hautoki kwa maji.

"Buffalo kuna baridi mingi," anasema, akilipapasa. "Na jina iko tayari. Sitafuta hata herufi."