Ziwa Asiloliomba Padri

Naikumbuka vizuri siku ile, mwanangu, maana ndiyo siku aliyonigombeza Bi Rukia mbele za watu. Nilikuwa kijana bado, natoka Singida, nanunua nguo Guangzhou na kuzileta nyumbani. Safari ile begi langu lilikuwa na mzigo usio wa biashara: picha ya rangi ya mafuta, mali ya padri wetu wa parokia, Mhispania aliyezeekea kwetu.

Picha yenyewe ilikuwa bonde kavu, kama Singida mwezi wa kumi. Vilima vya rangi ya majani makavu, mashamba ya ngano yaliyokwisha kuvunwa, kanisa dogo la mawe, wala hapana hata mtu mmoja. Dada yake aliichora zamani, wakiwa vijana huko kwao. Sasa rangi ilikuwa inabanduka. Padri alisikia Wachina wana mafundi wa picha, akaniomba, "Binti, nitengenezee hii. Ikishindikana, irudishe hivyo hivyo."

Fundi nilimpata, mzee mmoja mwenye kibanda chake mbali kidogo na Xiaobei, mtaa wetu Waafrika. Sasa nikueleze tabia yetu wafanyabiashara. Ukitupa sampo, yaani nguo ya mfano, hatuichukui ilivyo. Lazima tuiguse: hapa ongeza kola, hapa badilisha kifungo, rangi hii kwetu haitembei. Basi na picha nikaifanya sampo! Kulikuwa na ziwa kwenye kalenda ya fundi; nikalionyesha kwa kidole, kisha nikaonyesha bonde. Ziba nyufa, halafu hapa weka ziwa. Mimi mtoto wa ukame, mwanangu; kwetu anayekutakia heri anakutakia maji. Nikajiona nimempa padri zawadi. Fundi akaniambia atalichora kesho.

Kesho yake nikamsimulia Bi Rukia, mama wa Kizanzibari aliyekuwa na ofisi ya kusafirisha mizigo kule Tianxiu Dasha, jengo tulilokuwa tukishinda. Wanasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Ulimwengu wangu mimi ulikuwa Bi Rukia. Nilidhani atacheka. Akaweka kikombe chini.

"Hebu nambie, huyo padri umemuuliza?"

"Bibi, ni zawadi. Nataka afurahi."

"Zawadi gani ya kumbadilishia mtu kwao? Hiyo si sampo, we mtoto! Mpigie simu. Sasa hivi, nakuona."

Nikapiga. Nyumbani padri alikuwa ndiyo kwanza ametoka misa. Nikamweleza habari ya ziwa.

"Binti," akasema, "maji yapo tayari. Yapo juu ya kanisa."

Ndipo akaniambia. Serikali yao ilijenga bwawa, kijiji chao kikafunikwa chote. Kiangazi cha mwisho, watu wakibeba vitanda na milango, dada yake alikaa kilimani na brashi zake, akichora huku jua likimchoma. Watu hakuwachora kwa sababu hadi anamaliza walikuwa wameshahama wote. Dada mwenyewe alishafariki, na bonde lile halikubaki popote ila kwenye kitambaa cha picha ile.

Mwanangu, ile kesho ya fundi ndiyo ilikuwa siku ile. Nikainuka nikimbilie kwake, Bi Rukia akanishika mkono. Miezi ile msako wa wageni ulikuwa mkali. Askari walikuwa mlangoni mwa jengo wanadai pasipoti, na yangu ilikuwa imepelekwa kuongezewa viza. Nilikuwa na risiti tu, na wenzetu wenye risiti walikuwa wameshachukuliwa. "Ukikamatwa, picha ataipeleka nani?" akaniuliza. Nikamwelekeza kibanda; akavaa buibui lake, na magoti yake mabovu, akapita mbele ya askari, akapanda teksi.

Baadaye alinisimulia huku akinicheka. Kichina chake chote kilikuwa cha sokoni. Alimkuta fundi ameshachovya brashi, akajipenyeza kati ya mzee na picha: "Laoban, bu yao! Bu yao!" Yaani bosi, sitaki, sitaki. Fundi akadhani anakataa bei, akapunguza. Bi Rukia akazidisha kelele. Akapunguza tena! Mpaka mama akampokonya brashi. Mstari mmoja wa bluu ulikuwa umeshaingia bondeni; fundi akaufuta, kikabaki kivuli chake.

Picha niliifikisha. Padri akaisogeza karibu na macho, akakiona kile kivuli cha bluu chini ya kanisa. Nikaanza kuomba radhi.

"Kiache," akasema. "Maji yalianzia hapo hapo."

Akalia, nami nikalia. Bi Rukia naye ametangulia, Mungu amrehemu. Namkumbuka mno, siku hizi hakuna anayenigombeza vile.

Basi mwanangu, nimesikia unataka kubomoa jiko la kuni la bibi yako umjengee la kisasa. Ni wema, sikukatazi. Lakini kuuliza si ujinga. Kwanza ukae naye kwenye kigoda, umuulize nani alilijenga, na nani alikuwa akikaa pale pembeni akiota moto. Kiu yako isikufanye umnyweshe mwenzako maji yaliyomzamishia kwao. Ukishamsikia, ndipo umwite fundi, au usimwite kabisa.

Nenda, Mungu akupe mkono mwepesi wa kutoa, na sikio lililo jepesi kuliko mkono. Na siku utakapokosea, akupe Bi Rukia wako, afike kabla rangi haijakauka.