Siku Tulipoachia Kamba

Nikiri mwenyewe kabla wengine hawajanisemea: na mimi niliiachia ile kamba. Tulikuwa watu arobaini tumeishika, mnara wa mita kumi na nane uko nusu angani, na mimi Ghislaine, mwanamke mzima mwenye akili zangu, nikaiachia. Kila nikikumbuka nacheka mpaka mbavu zinauma. Lakini habari yenyewe si yangu, ni ya Estella, na naieleza kwa sababu wengi hapa Durban wanaieleza vibaya.

Estella ni Mkongo wa Uvira. Mimi ni Mrundi wa Buyenzi, kwa hiyo ukikuta Kiswahili kibaya humu ujue ni cha kwake. Tunasuka nywele saluni moja katikati ya mji, yeye kiti cha dirishani, mimi kiti cha pili, mwaka wa tisa huu. Anakaa mtaa wa Point, chumba kimoja ghorofa ya sita, na mumewe Jules ambaye ni mlinzi. Estella mwenyewe ni mfupi, mbishi, mchafu wa mdomo akishikwa na njaa, na ana masikio ambayo sijayaona kwa mtu mwingine. Drai ya nywele ikianza kuugua, Estella anaisikia kabla haijafa. Anamwambia Goreth, mwenye saluni, "Ile ya kona iko na siku tatu." Goreth anamjibu aache uchawi. Siku ya tatu drai inatoa moshi, Estella anachukua bisibisi, anaifungua juu ya mapaja yake, na mteja anamsubiri na nusu ya kichwa.

Sasa tuingie kwenye upepo. Kanisa letu linalima shamba Emoyeni, kijiji kilicho juu mlimani, saa moja na nusu kwa taxi kutoka mjini. Wenyeji walitupa kipande cha ardhi tupande sombe, yaani kisamvu, na lengalenga, ule mchicha wetu, maana sisi tukikosa sombe tunakuwa wakali. Umeme kule ulikuwa wa kubahatisha. Ulipokuja mradi wa mtambo wa upepo, mtambo wa wanakijiji wenyewe na si wa kampuni, mwenyekiti wa ushirika, MaKhumalo, aliweka sharti moja tu: kaya itakayochimba shimo la msingi kwa mikono yake ndiyo yenye mtambo, na ina kura moja. Hakuuliza nani ametoka wapi. Tukachimba, tukatoka malengelenge. Leo wenye mtambo ni kaya thelathini na moja, ishirini na mbili za kijiji na tisa zetu. Unapandisha maji kutoka bondeni, unapoza chumba cha mboga na unawasha taa za shule.

Walipotafutwa watu wa kufundishwa kuutunza, wanaume wetu waliiangalia ile nguzo, wote wakakumbuka wana miadi mahali. Estella akaenda. Baada ya wiki mbili alirudi na grisi kwenye kucha na ufunguo wa breki shingoni, umefungwa kwa uzi wa rasta. Breki ya mtambo yeyote anaweza kuivuta, lakini kuifungua ni kwa ufunguo huo tu, na alipewa kwa kura, kaya zote. Siku ile aliniambia, mikono iko kichwani kwa mteja, "Dada, nchi hii kila kitu mimi naomba. Karatasi naomba, chumba naomba, hata kukaa kwenye foleni naomba. Hiki sikuomba. Walinipa." Nikajifanya natafuta kitana chini ya kiti, maana machozi yalikuwa karibu na sipendi kulia mbele ya wateja.

Kwa kuwa siku za kazi yuko mjini, alibuni njia yake. Kila siku saa nne asubuhi, MaKhumalo anatembea mpaka chini ya nguzo, anapiga simu, anaiegemeza kwenye chuma. Huku saluni Estella anaweka spika na kusema, "Tunyamaze." Drai zinazimwa. Wateja na povu masikioni, fundi simu wa mlango wa pili, Goreth na ukali wake wote, tunanyamaza tunasikiliza upepo wa Emoyeni: vuu, vuu, vuu. Kuna wateja walianza kuja saa hiyo makusudi. Mmoja alisema inamsaidia presha.

Mwezi wa nane, Jumanne moja, Estella akainua kidole. Mimi sikusikia kitu. "Iko kijiko ndani ya sufuria," akasema, halafu kwenye simu kwa Kiingereza chake na Kizulu chake, "Ma, vuta breki sasa hivi." MaKhumalo akavuta.

Hapo ndipo Blaise alipoingia. Blaise ni kijana wa kanisani kwetu, mtoto wa Lubumbashi, amesoma uhandisi, anakaa Westville, ana gari safi na viatu safi zaidi. Si mtu mbaya, nisimsingizie, na mama yake alichimba shimo kama sisi. Ila anaongea kama anasahihisha mtihani. Estella alisema ni beringi, ile pete ya gololi inayobeba mhimili wa mapanga. Blaise akasema hakuna duniani beringi inayopimwa kwa simu, tena na msusi. Mnara ule una bawaba chini kama mlango, unaweza kuulaza ukaufanyia kazi ukiwa chini. Blaise aliongoza kuulaza, na alifanya vizuri, hakuna aliyechubuka. Wakafungua. Beringi ilikuwa imepasuka.

Blaise akaigeuzageuza mkononi. "Bahati," akasema.

"Bahati ya nani?" nikamuuliza. Akaifuta beringi kwa kitambaa, na mimi niliona vizuri shingo yake ilivyobadilika rangi.

Lakini hakuishia hapo. Kwenye kikao cha ushirika alisimama akasema sikio ni jambo zuri, ila kusimamisha mnara ni hesabu: uzito, mvuto, kasi ya upepo. Akasema apewe yeye ufunguo, bila malipo yoyote, ataweka kifaa ili auendeshe mtambo kwa simu yake akiwa Westville. Baadhi ya watu wakaanza kutikisa vichwa kukubali, wengine hata wetu. Niliwaandika wote kichwani. Estella aliushika ufunguo kifuani kwa mikono miwili.

MaKhumalo akapiga meza. "Blaise ameulaza," akasema. "Estella ausimamishe. Jumamosi saa saba mchana tuna mkutano. Saa hiyo mtambo ukiwa unazunguka, ufunguo unabaki kwake. Usipozunguka, anampa Blaise."

Beringi mpya ilifungwa mnara ukiwa bado chini. Wiki ile saluni yetu haikuwa saluni. Estella alisimamisha ufagio juu ya kaunta kwa nyuzi za rasta, akauvuta, akaulaza, akausimamisha tena, huku anaandika kwenye daftari la shule. Ufagio ulimwangukia mteja mmoja kichwani, yule mama akasema haidhuru, mradi kisomo kinaendelea. Ijumaa nilimwambia, "Dada, ni chuma tu kile. Ukipokonywa utabaki Estella yuleyule." Akaniangalia kama nimemtukana. "Nikipokonywa," akasema, "sitarudi Emoyeni hata kuchuma lengalenga."

Jumamosi tulifika mapema, kabla upepo haujaamka. Mambo yalipangwa hivi. Kamba nene ya chuma inatoka juu ya mnara, inapita kwenye winchi ya mkono iliyofungwa kwenye zege. Mbele ya winchi inaunganishwa na kamba yetu ya kuvutia. Sisi watu arobaini tunavuta, Estella kwenye winchi anazungusha mpini na kukusanya kila tulichopata. Winchi ina pini ya chuma. Ukiichomeka, kamba haiwezi kurudi nyuma. Ukiichomoa, uzito wote uko kwenye mikono ya watu. Blaise mwenyewe akashika mbele kabisa ya kamba ili, alisema, aone kwa karibu.

Kwaya ikaanzisha wimbo, maana bila wimbo Mkongo havuti hata kiti. Kila kiitikio tunavuta. Majirani Wazulu wakadaka wimbo kwa maneno yao, sauti nzito chini, nyembamba juu, na ile nguzo ikaanza kuinuka kwenye nyasi. Nakwambia, furaha niliyokuwa nayo sikuwa nayo hata siku ya harusi yangu. Jasho linanitoka, kilemba kimeniingia machoni, nacheka peke yangu. Robo. Theluthi. Nusu.

Mnara ukiwa nusu hasa, taxi ikasimama barabarani, akashuka Pasta Sébastien. Aliambiwa saa kumi na mbili na nusu, akafika saa tatu, na hilo kwake ni kuwahi. Akaja mbio anashikilia Biblia, akatuangalia, akaangalia mnara.

"Mmeanza bila maombi?" akauliza.

Aibu ilitushika sote. Sisi hata karanga hatuli bila kuombea, na hapa tunainua chuma cha tani nzima bila hata amina moja, kama wapagani. Wimbo ukakatika. Tukasimama hivyohivyo, kamba mikononi, tukafumba macho. Pasta akaomba. Akashukuru kwa mlima, akashukuru kwa upepo, akashukuru kwa dereva wa taxi na familia yake. Akamwombea MaKhumalo, akaziombea betri. Roho ikapanda. Watu wakaanza kuitikia, mimi nikaanza kulia, kisha Pasta akapaza sauti: "Inueni mikono yenu, mpeni Bwana utukufu."

Tukainua.

Kilichonishtua ni wepesi wa viganja vyangu. Nikafumbua jicho moja. Kamba ilikuwa chini kwenye nyasi. Mikono themanini ilikuwa juu, ya kwetu na ya Wazulu, maana nao ni watu wa kanisa. Mbele ya wote, ya juu kuliko yote, ilikuwa mikono ya Blaise, mhandisi wa Westville, mtoto wa shemasi, macho yamefumbwa, kinywa wazi katikati ya amina. Nikageuka kuuangalia mnara nione unavyotuangukia.

Mnara ulikuwa palepale. Haukusogea hata kidole kimoja.

Estella alikuwa amekaa juu ya zege kando ya winchi, miguu ameinyoosha, anakula andazi. "Maliza, Pasta," akasema. "Pini iko ndani."

Halafu MaKhumalo akaanza. Alicheka kwanza kwa pua, kisha kwa tumbo, kisha akakaa kwenye nyasi, na hapo mlima mzima ukaangua kicheko. Watu waliangukiana. Pasta alicheka mpaka Biblia ikamtoka. Mimi nilicheka na kulia na kutetemeka vyote kwa pamoja, na nikamwomba Mungu msamaha baadaye kwenye taxi.

Blaise peke yake hakucheka. Alikwenda kwenye winchi, akachuchumaa, akaigusa ile pini. "Umeiweka saa ngapi?" akamuuliza.

"Nilipomuona Pasta anashuka kwenye taxi," Estella akamjibu. "Mimi nawajua watu wangu."

Blaise akatikisa kichwa polepole. Halafu naye akaanza kucheka, kicheko cha mtoto kabisa, akajifuta macho kwa ule mkono wenye uchafu wa kamba, akajipaka usoni, na kwa mara ya kwanza nilimpenda.

Tukaishika tena kamba. Kufika saa tano mnara umesimama wima, kamba zake zimekazwa, na Estella akaingiza ufunguo, akafungua breki. Mapanga yakabaki kimya. Hewa ilikuwa imelala. Saa sita, hakuna kitu. Saa sita na nusu, watu wamelala nyasini, wanakula, wanaongea chinichini kama wako hospitalini. Blaise akaangalia simu yake akasema, kwa huruma kweli, upepo umetabiriwa kuanza saa tisa. Nilitamani kuitupa simu ile bondeni. Mkutano ulikuwa saa saba, na MaKhumalo si mtu wa kubadilisha saa.

Estella alisimama chini ya nguzo, sikio limegusa chuma. Saa saba kasoro dakika kumi akaniita. "Sikiliza," akasema. Nikaweka sikio langu upande wa pili. Sikusikia kitu, naapa. Lakini niliona uso wake, na nikageuka nikaona nguo za MaKhumalo kwenye kamba ya kuanikia: shuka moja likatikisika, kisha la pili. Upepo wa kaskazini-mashariki ulikuwa unapanda kutoka baharini. Panga moja likashuka kidogo. La pili likalifuata. Kisha vuu. Vuu. Vuu. Hakukuwa na kijiko ndani ya sufuria.

Nilimrukia Estella, tukaanguka wote.

MaKhumalo alifungua mkutano saa saba kamili. Alisema neno lake liko palepale, mtambo unazunguka, ufunguo unabaki. Lakini mkutano ni mkutano, na anataka kuona kwa macho yake. "Wanaotaka Estella ashike ufunguo wa breki," akaanza, kisha akasita, akatuzungushia macho mmoja mmoja. "Kwanza. Kuna mtu ameshika kitu?"

Tulipomaliza kucheka, mikono ikainuka. Kaya zote thelathini na moja, nilihesabu mara mbili, na aliyeinua kwa kaya ya Blaise alikuwa Blaise mwenyewe. Estella pia alipiga kura ya kaya yake, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. Sisi wote tuliinua mikono miwili, kwa mazoea. Yeye aliinua mmoja tu, maana wa pili ulikuwa umeshika ufunguo, na hakuuachia.