Ngozi Kando ya Injini

Sebagabo alilichukia tope kama mtu anavyomchukia aliyemuulia ndugu. Kwao, kwenye milima ya Kivu ya Kusini, alikuwa mchungaji. Vita vikawala ng'ombe wake wote, akaishia kwetu Juru, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, fundi wa lori la maharagwe. Na usidhani tope ni mchezo. Wakati wa masika gurudumu la mbele hulirusha juu, likapenya ubavuni mwa injini, likasonga feni na kukata mkanda, lori likalala porini na mzigo ukaoza. Sebagabo alikuwa akilipiga gurudumu mateke na kulitukana matusi ya nguoni.

Alitundika mapazia ya tyubu kuukuu, yakapasuka. Mwaka 2006 akaja na dawa yake ya kichungaji: ngozi ya ng'ombe. Aliipaka oili chafu upande wa ndani, akaifunga kati ya gurudumu na injini, manyoya yakilala kuelekea chini, ili tope liteleze kama mvua mgongoni mwa ng'ombe. Tukafika Mbarara injini ikiwa kavu. Alijisifu mpaka tukamwomba anyamaze.

Safari iliyofuata, lori lilisimama Kaberebere. Pale palikuwa na mfugaji aitwaye Rugamba, anayetafuta ng'ombe wake aliyeibwa. Akainama kando ya gurudumu, akaona manyoya.

"Ngozi ya ng'ombe yangu hii! Mwizi!"

Yowe la mwizi halingoji shahidi. Fimbo ya kwanza ilimvunja Sebagabo mkono, ya pili ikampasua kichwa.

"Wewe, wapi ulitoa hii ngozi? Sema!"

"Niliuza kwa Kabera!" akalia. "Kabera wa buchari! Mungu wangu, niliuza kwa Kabera!"

Mdomo huponza kichwa. Mkongo wa Kivu akisema "niliuza", maana yake alinunua. Yule anayetoa mali akapokea pesa, wao husema ameuzisha. Watu wa Kaberebere wangejuaje? Walisikia mwizi akikiri kwamba amemuuzia Kabera ng'ombe wa watu. Kila alipousema ukweli waliongeza mawe. Alitema jino, akasema tena "niliuza", na mimi, mpakizi wa lori, juu ya magunia nikitamani kumziba mdomo.

Gradi, dereva wetu, Mkongo pia lakini mzoefu wa njia ile, aliruka kutoka kwenye kabini akamlalia juu.

"Mumuache! Kwetu kuuza ni kununua! Alinunua! Kabera ndiye alimuuzisha!"

Fimbo zikasimama, ila hazikuwekwa chini. Umati ukageuka kwa pamoja kuelekea buchari, duka la nyama la Kabera ng'ambo ya barabara. Kabera alitoka kuona kelele ni za nini, kisu cha kazi bado mkononi, na kisu kile kikatosha kumhukumu. Walimuua mbele ya nyama zake. Kelele zake zilichukua muda kuisha. Waliomuua nawajua kwa sura, na nikikutana nao sokoni hadi leo natema mate.

Rugamba alirudi akihema, shati limelowa damu, akaanza kuifungua ile ngozi.

"Bihogo yangu," akalia. "Bihogo yangu!"

Bihogo ni ng'ombe mwekundu, kwa Wanyankole wa huku na kwa akina Sebagabo vilevile. Sebagabo, aliyekuwa ameegemea gurudumu, alifumbua jicho moja lililobaki kufumbuka. Akanyoosha mkono mzima, akaipangusa ngozi. Tope jekundu la barabara likabanduka vipande vipande.

"Bihogo?" akasema. "Hii iko mweupe, baba. Angalia."