Tuliposoma Mapenzi ya Zimwi Mchana

Nina maoni makali juu ya vitabu vya mapenzi na sijawahi kuyaficha. Mpenzi akianza kulia ukurasa wa tatu, nakifunga kitabu. Msichana akiteleza, akadakwa kiuno na kijana asiyemjua, na papo hapo moyo ukamwenda mbio, nakifunga pia. Mimi nilikulia milimani, si mbali na Wundanyi. Kule wasichana huteleza kila msimu wa mvua, na sijaona hata mmoja aliyepata mchumba kwa njia hiyo. Tulipata matope tu na makofi ya mama kwa kuchafua nguo.

Ndiyo maana nilijishangaa nilipovipenda vile vitabu vitatu. Nilivinunua sokoni Taveta katika miaka ya sabini, muda mfupi kabla ya mpaka kufungwa. Vilikuwa vimepigwa chapa ng'ambo, Tanzania, kwa karatasi nyembamba na picha za jalada mbaya ajabu. Hadithi ilikuwa moja, imekatwa vipande. Msichana anaolewa na mgeni mtanashati, anafika kwake, halafu siku moja akimsuka nywele anagundua kwamba mume ana mdomo wa pili kisogoni. Kumbe ni zimwi! Hadithi hiyo nyanya yangu aliisimulia, na nadhani nyanya wa kila mtu aliisimulia. Lakini kwa nyanya msichana hukimbia, kaka zake huja na mishale, zimwi anakufa, mnaenda kulala. Katika vitabu vyangu msichana hakukimbia. Alimalizia kusuka, kisha akaanza kumuuliza mumewe maswali.

Kitabu cha kwanza ni kizuri na sitaki mtu aniguse hapo. Cha pili kina safari ya kwenda kuzimu inayochosha kuliko kwenda kuzimu kwenyewe. Katika cha tatu mwandishi amempenda zimwi kiasi cha kusahau kwamba huyu bwana alikuwa anakula watu. Kosa kubwa. Ukitaka nimhurumie zimwi, usinifiche mifupa iliyo uani kwake. Cha nne sikukipata, kwa maana mpaka ulifungwa kikiwa upande wa pili, na nililichukulia jambo hilo kama ugomvi wangu binafsi na serikali mbili.

Wakati huo nilikuwa nafundisha watu wazima mjini Voi, masomo tuliyoyaita ngumbaru, katika ukumbi wa kanisa mtaani Kaloleni. Tulikutana alasiri. Wanafunzi wangu wote walikuwa akina mama: wake wa wafanyakazi wa reli waliotoka magharibi mwa nchi, wake wa vibarua wa mashamba ya mkonge, na wengine wa milimani kama mimi. Vitabu tulivyopewa vilieleza namna ya kuchimba choo na kupeleka ng'ombe joshoni. Sina neno na choo. Lakini hakuna mtu anayefungua ukurasa wa pili kwa hamu ya kujua choo kiliishia wapi. Akina mama walipungua wiki baada ya wiki, na ofisi ikaniambia waziwazi kwamba wakiendelea kupungua darasa litafungwa. Niliumia. Nilikuwa nimeona mama mzima akitetemeka kwa furaha kwa sababu ameandika jina lake, na leo mtu anataka kumrudisha nyumbani na hilo jina moja? Nikapiga moyo konde. Siku iliyofuata nikamleta zimwi darasani.

Shida ilianza siku hiyohiyo. Nilikuwa sijasoma hata nusu ya ukurasa aliposimama mama mmoja wa milimani, mkubwa wetu sote kwa umri.

"Mwalimu, hii si hadithi?"

"Ni hadithi, mama."

"Ya zimwi? Na jua lote hili?"

Nilikuwa nimesahau. Kwetu hadithi za mazimwi zilisimuliwa giza likishaingia. Tuliambiwa kwamba anayesimulia mchana atapotelewa na mama yake. Sababu naijua, kwamba mchana ni wa jembe, lakini kuijua sababu hakumtoi mtu hofu aliyokua nayo. Nikawageukia wale wa magharibi nikitumaini watanisaidia kucheka. Wapi! Nao walikuwa wanatikisa vichwa. Kwao, wakasema, anayesimulia mchana hudumaa, hubaki kimo kilekile maisha yake yote. Macho yakamwendea mke wa fundi mmoja wa reli, mwanamke mfupi sana, naye akafoka, "Mniache! Mimi nilizaliwa hivi."

"Lakini hatusimulii," nikasema. "Tunasoma."

"Kwani mnasoma kwa masikio?" akauliza yule mama mkubwa. "Si ni mdomo uleule?"

Yeye mwenyewe ndiye aliyepata njia. Alienda dirisha moja hadi jingine akivuta mbao zake, kisha akafunga mlango, akaniagiza niwashe taa ya mafuta iliyokuwa kabatini. Ukumbi ukawa giza na joto likapanda; mtu aliyewahi kukaa chini ya mabati ya Voi saa tisa mchana ananielewa. Mama akarudi kwenye benchi, akajifuta jasho kwa leso.

"Sasa ni usiku," akasema. "Soma."

Kuanzia hapo darasa likajaa. Sikuwasomea tena, nilikataa. Aliyetaka kujua yaliyompata msichana ilibidi asome mwenyewe, mstari kwa mstari, wenzake wakimsukuma kwa kelele. Na maoni yao, jamani, yalinizidi mimi. Mke wa dereva wa treni hakumpenda msichana hata kidogo.

"Huyu hana akili. Umeona mdomo kisogoni, halafu unabaki kuuliza maswali? Si uulize ukiwa umeshafika Mombasa!"

"Afadhali huyo mdomo wake umeonekana mapema," akajibu mwingine wa mashamba ya mkonge. "Wetu wanauficha mpaka mtoto wa tatu."

Mimi nilimtetea msichana. Niliwaambia kukimbia kila mtu anaweza, lakini kukaa ukamtazama zimwi usoni kunataka moyo, na kwamba alifanya vyema kubaki. Wengi walikubali kwa sababu mimi ndiye mwalimu, jambo lililonikera, maana nilitaka waniamini kwa sababu nasema kweli. Mmoja hakusema lolote. Huyu alikuwa mke wa mwenyekiti wa baraza la wazee wa kanisa. Alisoma kwa kidole, polepole, zamu yake ikiisha anarudi kukaa kimya. Mumewe alidhani nawafundisha kufuma vitambaa.

Sasa jitie mahali pa mpita njia. Ukumbi wa kanisa, mchana kweupe, madirisha yamefungwa, ndani wamo wanawake peke yao. Unasikia kimya. Halafu mmoja anapiga ukelele, halafu wote wanacheka. Haikuchukua muda mtaa ukapata la kusema. Wengine walisema tunakula kiapo. Wengine wakasema tunaita mashetani, na kwamba moshi umeonekana, na kumbe ni taa yetu iliyohitaji utambi mpya.

Alasiri moja mlango ukasukumwa, wakaingia wazee wa baraza, mwenyekiti mbele. Akaamuru madirisha yafunguliwe. Mwanga ukatupiga machoni tukabaki tunapepesa. Akachukua kitabu mezani, akaitazama ile picha ya jalada, na kusema kweli picha hiyo haikutusaidia.

"Mwalimu, nyumba hii mmeifanya nini?"

"Darasa, mzee."

"Darasa la mazimwi?"

"Darasa la kusoma. Zimwi ni mgeni tu."

Hakucheka. Alisema baraza limeshakata shauri: vitabu vile vitoke ukumbini siku hiyo, ama darasa litoke navyo. Hatukuwa na ukumbi mwingine. Vitabu vikienda akina mama wangeenda, na akina mama wakienda ofisi ingefunga darasa kabla ya mwezi kwisha. Lakini mimi nikiogopa sana huwa mkaidi, nimeumbwa hivyo.

"Sitoki, mzee, na vitabu havitoki, mpaka msikie mnachokifukuza."

"Haya, tusomee basi."

"Mimi nilijua kusoma kabla sijafika hapa. Watasoma wao."

Nikanyoosha kitabu mbele ya darasa. Hakuna aliyeinua mkono. Nje jua lilikuwa kali kama la saa sita. Mama mkubwa alijifunika mdomo kwa leso, wa magharibi wakatazama sakafu, na nikaona darasa langu likinitoka mbele ya macho kwa ajili ya mwanga tu. Nilitaka kulia kwa hasira.

Ndipo mke wa mwenyekiti aliposimama. Alikichukua kitabu mkononi mwangu bila kumtazama mumewe, akaweka kidole kwenye mstari, akasoma pale ambapo msichana anamwambia zimwi, "Meno yako nimeyazoea. Nisichoweza kukizoea ni kwamba tangu unioe hujaniuliza neno." Alikwama kwenye neno moja, akalirudia, akalipata, akaendelea. Katikati ya ukurasa mzee mmoja wa baraza, mtu wa milimani, aliinuka taratibu akavuta mbao za dirisha lililokuwa karibu naye.

"Jua linaniingia machoni," akasema.

Jua lilikuwa upande wa pili wa jengo. Mama mkubwa alitikisika mabega ndani ya leso yake, nami nikauma midomo, maana haukuwa wakati wa kucheka.

Ukurasa ukaisha. Mwenyekiti alikuwa anamtazama mkewe namna ambayo siwezi kuieleza vizuri. Haikuwa hasira. Ilikuwa kama mtu aliyesikia anaitwa kutoka chumba asichojua kwamba kimo nyumbani mwake.

"Na baada ya maneno hayo," akauliza, "huyo msichana alibaki kwa zimwi?"

"Alibaki," nikadakia. "Na mwandishi anataka kutuonyesha kwamba—"

"Sijakuuliza wewe, mwalimu." Akamgeukia mkewe. "Wewe unaonaje? Alifanya vyema?"

Baadaye mama huyo alituambia kwamba katika ndoa yake yote alikuwa ameulizwa chakula kiko wapi, watoto wako wapi, ufunguo uko wapi. Unaonaje, hajawahi. Siku ile alirudisha kidole kwenye ule mstari wa msichana.

"Mwalimu anasema alifanya vyema," akasema. "Mimi sikubaliani na mwalimu."

Mdomo wangu ulifunguka wenyewe, nikaufunga kwa nguvu. Mwenyekiti akavuta benchi, akaketi. Wazee wengine walipomwona ameketi, nao wakatafuta pa kukaa katikati ya akina mama, na hapo nikajua kwamba hatuhami.

"Sema," mumewe akamwambia. "Nakusikiliza."

Akakifunga kitabu, kidole chake kikiwa ndani, akaanza kutueleza.