Refa na Timu ya Mama Mkwe

Jina lake kamili pale mtaani ni Kipenga Usinitazame-Usoni, mwana wa muuza nyama aliyempimia mkewe mwenyewe mifupa sawa na mteja mwingine, mjukuu wa bibi aliyejipeleka kujishtaki mbuzi wake alipokula mboga za jirani. Ni mdogo wangu wa tumbo moja. Siku za kazi ni fundi viatu. Jumapili ni refa.

Urefa akauingiza mpaka chumbani. Mkewe alimwambia soksi zake zinanuka, bwana akamwonyesha kadi ya njano. Mke akafunga virago, huyo kwa mama yake.

Sasa mama mkwe ndiye mwenye timu ya mafundi cherehani. Tulipokwenda kuomba radhi alitujibu, "Tuonane Jumapili baada ya mechi yetu na wauza mkaa. Timu yangu ikicheka, nami nitacheka." Nikamkanyaga mdogo wangu mguu ili aelewe. Alielewa, Jumapili alifika uwanjani kakonda.

Mpaka karibu na mwisho hakuna aliyefunga. Mara kipa wa mama mkwe akamkumbatia mshambuliaji wa wauza mkaa mbele ya goli, kama ndugu aliyerudi safari. Kipenga akatia filimbi mdomoni, lakini hakupuliza.

"Mkwe!" mama akaita. "Jua limekuingia machoni, eti?"

"Hapana, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mke wako huyu hapa, kapendeza. Unamwona?"

"Namwona, mama. Na mikono ya kipa niliiona."

Akapuliza. Penalti, bao, mechi ikaisha. Mama mkwe akavua kiatu, akatangaza kwamba na ndoa imeisha.

Nilitaka kumzaba kofi yule mjinga. Hapohapo nikamwambia jirani yangu, bila kuulizwa, "Huyo ni wa kwetu."

Mkewe akainuka. "Mama, kaa. Leo akidanganya kwa kukuogopa wewe, kesho atanidanganya mimi. Narudi kwangu. Ila filimbi na kadi haziingii ndani."

Kipenga hakuhitaji kufikiri. Alimwendea mama mkwe, akainama, akampa vyote kwa mikono miwili.

"Mama, Jumapili ijayo utachezesha wewe."

"Mimi? Na timu yangu inacheza?"

"Ndiyo maana nakupa."

Mama akaifuta filimbi kwa upindo wa gauni, muda mrefu, kama anatafuta pa kuikataa.

"Haya," akasema. "Kuotea ndiyo nini? Kaa hapa unieleze."