Ngozi ya Babu na Ala Niliyoishona

Nianze na upuuzi wenyewe ili tusizungushane: nilikata ngozi ambayo babu yangu alikuwa ameiweka ili azikwe nayo. Niliikata katikati kabisa. Sikuwa nimelewa wala kutumwa na mtu, na nilitumia rula ya shule.

Babu mzaa mama alihamia kwetu Nyasubi macho yalipoanza kumgomea. Alikuja kutoka kijijini, upande wa Kishapu, na mizigo miwili tu: begi la nguo, na ngozi ya dume jeusi iliyoviringishwa kama mkeka. Kwao, mwanamume mwenye mji wake alizikwa kando ya zizi, amezungushiwa ngozi ya ng'ombe wake. Babu hakuwaamini wanawe, maana wengi wameshakuwa watu wa kanisani, kwa hiyo alichinja mwenyewe mapema. Ngozi ikapandishwa kwenye kenchi za paa, chumbani kwangu. Kila baada ya miezi michache mama aliishusha na kuipaka samli isiliwe na wadudu. Ile ngozi ilipata mafuta kuliko mimi.

Aliyeahidi ni mama, na nilikuwepo. Babu alisema hataki sanduku la mbao, atakosa pumzi. Nikachomekea kwamba marehemu hana shida na pumzi. Babu alicheka mpaka akakohoa. Mama hakucheka.

"Ng'wanawane," babu akamwambia, kwa Kisukuma chake cha kumwita mtu mwanangu, "nizungushie ile ngozi yangu. Iwe nzima, isiwe na tundu. Sikuombi kingine."

Mama akasema, "Ndiyo, baba."

Sasa visu. Nakusanya visu vya kukunja, vile vya zamani vya mpini wa pembe au wa mti. Ninavyo kumi na kimoja. Kimoja kilitoka kwa mfugaji wa mnada wa Mhunze, alikuwa akihasia madume, na darasani nikikifungua wenzangu wanabana miguu. Kingine cha mchimbaji wa huko Geita, kimekata kamba za viroba vya mawe mpaka makali yamebaki membamba kama dagaa. Sinunui. Namshonea mtu ala ya kisu anachokitumia, naye ananipa kile asichokitumia. Ngozi naokota kwa fundi viatu. Nailoweka, nafunga kisu kwenye nailoni, naikandamiza juu yake mpaka ishike umbo, kisha naianika kivulini. Matundu natoboa kwa msumari niliounoa, nashona kwa sindano mbili.

Kisu nilichokitaka kuliko vyote kilikuwa cha babu. Mpini wa pembe, umegeuka njano kama meno yake. Alisema nikikishonea ala inayokistahili, siku akifa kitakuwa changu. Vipande vya fundi vilikuwa vyepesi mno. Na fundi mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba ngozi ya miguu na tumbo inanyumbuka, ngozi ya maana iko mgongoni. Kwa hiyo utaalamu nilikuwa nao. Akili ndiyo iliyokosekana.

Jumamosi moja mama akiwa sokoni, niliishusha ngozi, nikachora kwa chaki upande usio na manyoya, nikakata kipande cha ukubwa wa daftari. Nilijiambia itakuwa chini ya udongo, nani ataikagua. Nikaiviringisha tundu likae ndani. Tangu siku hiyo nikajitolea kuipaka samli mimi. Mama aliwaambia majirani kwamba nimeanza kukua.

Sijawahi kushona ala nzuri kama ile. Babu aliipapasa manyoya, akainusa, akauliza ni ya ng'ombe gani. Nikasema wa mnadani. Akaivaa kiunoni, na kila mgeni alilazimika kuisifu kabla hajapewa kiti.

Alifariki mwaka jana wakati wa mvua, asubuhi, baada ya uji. Tulimpeleka kijijini kwake. Mjomba mkubwa, katekista huko Ushirombo, alifika na jeneza tayari kwenye pikapu. Yeye na mama walibishana siku mbili. Mama alikuwa na neno moja tu: baba aliomba mwenyewe, na ngozi yake ipo, nzima. Mwishowe mjomba alilegea. Sala zisomwe, ngozi itumike. Wanaume wakaileta uani, wakaikunjua.

Tundu lilikuwa na pembe nne zilizonyooka. Panya hatumii rula.

Mzee mmoja wa ukoo alisema ngozi iliyotobolewa havishwi mtu, hata ikitiwa kiraka. Mama alilitazama tundu, halafu akanitazama mimi. Nikaanza kusema naweza kushona. Akainua kiganja, nikanyamaza. Kisha akawaambia wale wanaume kwamba ngozi alikuwa akiitunza yeye, basi.

Mjomba hakujigamba. Alisema polepole, "Mdogo wangu, tumlaze kwenye sanduku."

Sanduku lilikuwa limechongwa kwa kukisia, na babu alikuwa amekonda sana. Kila walipoliinamisha nilimsikia akiteleza ndani. Walipomaliza kufukia, mjomba alinikabidhi kisu mbele ya watu, kikiwa ndani ya ala yake, kwa sababu marehemu alikuwa amesema. Watu wakaisifu kazi ya mikono yangu. Mpaka leo sijakifungua.

Watu walipotawanyika nilimkuta mama nyuma ya jiko, anasugua masufuria kwa mchanga. Nilimweleza yote: Jumamosi ile, fundi, rula. Nilikuwa nimejiandaa kwa kipigo, na hata utani nilikuwa nimeuandaa, lakini haukutoka. Hakuacha kusugua. Aliniuliza kama nimekula. Nikasema bado.

Akasema, "Nenda ukale, wali uko kwenye sufuria ndogo. Wewe hukumwahidi kitu, niliyemwahidi ni mimi. Nikifika huko aliko nitamjibu mwenyewe."